Sura ya Rombe

Ludia Patiung alianza kazi ya kupiga picha akiwa na miaka thelathini na tisa, umri ambao wenzake wa kijijini walikuwa wameshaanza kubeba wajukuu. Yeye hakuwa na mjukuu wala mtoto. Mume aliwahi kuwa naye, lakini alikwenda mji wa Makassar kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine, na habari zake zikaishia hapo. Kwa miaka sita Ludia aliuza kahawa ya kikombe kwenye mnada wa nyati wa kufugwa pale mjini Rantepao, na ungemuuliza anangoja nini duniani angekuambia maji yachemke.

Kamera aliitoa Rombe, kitinda mimba wa kwao. Rombe aliondoka nyumbani na miaka kumi na saba kwenda Kalimantan, ng'ambo ya bahari, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na kila alipopata mtu wa kumtuma alileta kitu: redio, blanketi, meno ya bandia ya baba. Safari ile akaleta kamera ya dijitali, nyeusi, ya mtumba, imeviringishwa ndani ya suruali yake kuukuu. Akapiga simu kwa jirani mwenye duka, dada yake akaitwa, na Rombe akamwambia kwamba huko kwao mazishi ni makubwa kuliko harusi na yapo kila wiki, sasa nani anayapiga picha? Mchina wa mjini mwenye studio, na yule hapandi milima. Basi aache vikombe ashike kamera.

Niseme mapema, ili mtu asidhani hii ni habari ya mwanamke aliyejikwamua. Ludia alijikwamua kweli. Lakini yule aliyemnunulia kamera ndiye mtu pekee ambaye hakumpiga hata picha moja ya maana, na sura yake ilipotakiwa, haikuwapo popote duniani.

Kufundishwa alifundishwa na Mzee Sulo, fundi wa picha za filamu aliyekuwa amestaafu, mkali, meno mekundu kwa tambuu. Kamera za dijitali alizidharau, alisema ni redio zenye jicho. Lakini mwanga aliujua, na mwanga haukubadilika kwa sababu Wajapani wameacha filamu. Alimkalisha Ludia chini ya ghala la mpunga, akamwambia asahau vitufe vyote na afikirie mwanzi ambao mgema hukingia tembo.

"Mwanga ndio tembo," alisema. "Kamera yako mwanzi. Mwanzi una mdomo, mpana au mwembamba, ndilo hilo tundu la lenzi. Halafu kuna muda unaouacha pale mtini ukidondokewa. Mdomo mpana, ngoja kidogo. Mdomo mwembamba, ngoja sana. Ukikosea, unafurika au unaondoka na mwanzi mkavu."

Akaongeza kuwa mdomo mwembamba una faida yake: aliye mbele na aliye nyuma wote hutoka wazi, wakati ule mpana humshika mmoja na kuwapoteza wenzake. Kisha kuna namba za kiu ya kamera, mia moja, mia nne, elfu moja na mia sita. Ukiitia kiu kubwa itapata picha hata gizani, lakini itakunywa na takataka, na takataka zitaonekana usoni kwa mtu kama chembe za mchanga. Mwishoni, akiwa ameshasimama kwenda kutema tambuu, alisema kwamba kitu kinachotembea lazima jicho la kamera lifumbuliwe na kufumbwa haraka, vinginevyo picha itacheza, sura iyeyuke. Ludia aliitikia. Yote mengine aliyafanyia mazoezi mpaka vidole vikayajua, ila hilo la mwisho hakupata wa kujifunzia, kwa kuwa kazi aliyoipata ilikuwa ya wagonjwa.

Huku kwetu mtu akikata pumzi hajafa. Ni mgonjwa. Analala chumba cha kusini cha nyumba ya ukoo, dawa zinamtunza asiharibike, anapelekewa chakula na tambuu, anapigiwa hodi, anaambiwa nani kaja na nani kaondoka, mpaka familia ipate nyati wa kuchinja ili kumsindikiza kwa heshima yake. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mitano. Wageni hutushangaa, na sisi tunawashangaa wao, wanaomfukia mtu wao kesho yake kana kwamba wanamfukuza.

Mgonjwa wa kwanza wa Ludia alikuwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Chumba kilikuwa na dirisha la kupitisha mkono tu. Ludia akaipandisha kiu mpaka elfu moja na mia sita, akapiga, akaenda kusafisha picha mjini, akairudisha kwa mjane akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Mjane akaitazama, akaanza kulia, na kilio hakikuwa cha shukrani.

"Mume wangu ana mwezi mmoja tu humu ndani," alisema, "wewe umemtia ukungu uso mzima. Watu watasema hatumtunzi."

Zilikuwa zile chembe. Mzee alionekana kama mkate uliosahaulika kabatini. Ludia alirudi nyumbani na aibu ya wiki nzima, akaapa mbele ya mama yake kwamba namba ya kiu haitavuka mia moja mpaka anaingia kaburini. Na flashi nayo ilikuwa mwiko, maana Shangazi Limbu, dada ya baba yake, alimkemea mbele za watu siku aliyoijaribu: ni adabu gani hiyo ya kummulika mgonjwa machoni?

Ikabaki njia moja, kungoja. Alinunua stendi ya miguu mitatu, akabana tundu, akaiacha kamera ifumbue jicho sekunde mbili, nne, hata nane. Mgonjwa hapepesi. Mgonjwa hajikuni. Picha zikatoka safi hata nyuzi za shuka zinahesabika, na jina la Ludia likapanda milima yote. Watu wa kutoka Jakarta walimpigia simu kabla hawajaweka nafasi ya ndege. Kwa miaka mitatu hakupiga kingine isipokuwa wagonjwa, majeneza na nyati waliokwisha anguka. Kazi nzuri kwa mwenye moyo, na yeye moyo alikuwa nao.

Mwaka wa nne mama yake naye akawa mgonjwa. Aliinama kupepeta mchele, hakuinuka. Wakamlaza chumba cha kusini, na kila asubuhi Ludia alimpelekea kahawa, akamwambia hali ya mvua. Rombe hakupata ruhusa kule machimboni mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata. Alikuja na siku kumi tu, mwanamume wa miaka thelathini na moja, mabega yamepanuka, kikohozi cha vumbi, bado hajaoa, bado anacheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Siku ya kwanza aliingia kwa mama, akafunga mlango, na waliokuwa nje walimsikia akimweleza habari za miaka yote.

Yeye ndiye aliyetaka picha ya familia pamoja na mama. Siku moja kabla ya kuondoka wakamkalisha mama ameegemea mito, kitambaa chake cheupe kichwani, baba kulia, Shangazi Limbu kushoto, Rombe amepiga magoti mbele kabisa. Ludia alipanga kila kitu kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi yake. Alibana tundu ili wa mbele na wa nyuma wote watoke wazi. Kiu, mia moja, maana alikuwa ameapa, na aliyekuwa pale mitoni alikuwa mama yake. Angemtiaje ukungu mama yake? Muda, sekunde mbili. Akalenga macho ya mama, akaweka taima, akawaambia watulie kabisa, akakimbia kujipachika nyuma ya baba.

Wakatulia. Rombe alibana pumzi mpaka shingo ikatoka mishipa. Kamera ilipolia tiki ya pili, ya kufumba jicho, akapumua kwa kishindo, wote wakacheka.

"Tumetoka?" akauliza.

Ludia akatazama kioo cha nyuma, kioo chenye ukubwa wa kiberiti. Watu wote walikuwepo. Mama alikuwa mzuri. "Mmetoka," akasema, na hakubonyeza kile kitufe cha kukuza ili aone uso mmoja mmoja. Mara mia mbili alikuwa amepiga hivyohivyo na hajawahi kukosea, akuze kwa nini?

Rombe akataka nyingine, ya peke yake, nje kwenye ghala, juani. Aliomba kwa utani, akajiweka mkono kiunoni kama bwana arusi. Ludia alitazama betri, ilikuwa imebaki alama moja na kesho yake alikuwa na mazishi ng'ambo ya mto.

"Utarudi kwenye mazishi ya mama," alimwambia. "Siku hiyo nitakupiga mpaka unikimbie."

"Haya, dada. Ila nitakuwa nimezeeka," akasema Rombe, akaenda kufunga mzigo.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha Kalimantan siku tisa. Ukingo wa shimo ukaporomoka na wanaume kumi na mmoja chini yake. Walichimbua wiki tatu, wakapata kofia na buti, kisha uongozi ukasema mahali hapo ni hatari na kufukia kilichobaki. Kwa kina Patiung vililetwa vitu vya Rombe ndani ya sanduku: nguo, Biblia, kitana. Simu yake ilikuwa mfukoni mwake, huko alikofukiwa.

Mgonjwa asiye na mwili ni jambo zito. Wazee walikaa siku mbili, wakakata shauri kwamba mama na mwana watasindikizwa pamoja, mwezi wa nane. Nguo za Rombe zitalazwa chumba cha kusini karibu na mama yake, zipelekewe chakula kama mgonjwa mwingine yeyote, na atachongewa sanamu ya mfenesi itakayokaa mlangoni mwa kaburi juu ya mwamba. Hiyo ndiyo ingekuwa yeye. Kwa wasiokuwa na kitu kingine cha kuzika, sanamu ndiyo mtu.

Mchongaji aliitwa Sesa. Zamani wachongaji walichonga uso wowote, wa kiume au wa kike, ikatosha. Siku hizi watu wanataka mtu wao, na Sesa alisifika kwa kuchonga hata chunjua. Alikuja, akanywa kahawa, akasema anahitaji sura. Wote wakamgeukia Ludia.

Nani asingemgeukia? Mpiga picha wa milima yote. Ludia akachukua kadi ya kamera, akaenda dukani Rantepao ikasafishwe ile picha ya familia kwa ukubwa wa kalenda. Kijana wa kompyuta akaifungua, akaikuza. Kisha akasema alichokiona, bila nia mbaya.

"Dada, hapa aliye hai ni mgonjwa peke yake."

Mama alikuwa wazi, kope kwa kope, mkunjo kwa mkunjo. Waliomzunguka walikuwa wameyeyuka. Kuna mtu anayeweza kukaa sekunde mbili bila moyo kumsukuma, bila mbavu kupanda, bila jicho kupepesa? Baba alikuwa na macho manne. Shangazi Limbu hakuwa na mdomo. Na Rombe aliyekuwa mbele, karibu zaidi na kamera, aliyejitahidi kuliko wote, alikuwa amecheza kuliko wote: doa la ngozi lenye kivuli mahali pa macho, na meno kidogo. Ludia aliomba kijana ajaribu kuirekebisha. Kijana akajaribu, akasema kisichoingia kwenye kamera hakitoki kwenye kompyuta.

Alitafuta kwingine kote. Kitambulisho cha Rombe kilikuwa kimeondoka naye. Iliyobaki ilikuwa fotokopi ya picha yake ya shuleni, nyeusi tii. Ludia alipitia kadi zake zote, picha elfu nne na zaidi. Watu wasiopumua wa wilaya nzima, wote wanajulikana kwa majina, ndugu yake hayumo.

Alipoirudisha ile picha nyumbani wakaizunguka, na baba akamuuliza imekuwaje. Hapo ndipo Ludia alipofanya jambo ambalo mimi nimejaribu kulitetea nikashindwa. Alikuwa na jina la kulinda, alikuwa na huzuni, alikuwa na hofu ya baba, yote sawa. Lakini wenzake walicheza pia pale kwenye picha, ilikuwa wazi kwa mwenye macho, naye akaweka kidole juu ya lile doa la mbele.

"Rombe alitikisika," akasema. "Akawatikisa na nyie."

Wakaamini. Nani wa kubishana na fundi? Baba akaguna, akasema tangu utotoni mtoto yule hakuwa na matako ya kukalia kiti. Na kuanzia asubuhi iliyofuata, baba alipokuwa akipeleka wali kwa mama na kwa zile nguo, Ludia akiwa jikoni akichochea moto alimsikia akizigombeza. Alizigombeza kwa mapenzi mwanzoni. Kisha kwa hasira. Sekunde mbili tu, wewe, sekunde mbili. Watu wamekaa, mimi mzee nimekaa, wewe huwezi? Sasa nikuzike na uso wa nani? Kila asubuhi, miezi minne.

Sesa aliuliza watu wanne pua ya Rombe ilikuwaje akapata pua nne. Mwisho akamwambia Ludia kwamba nyie mmetoka tumbo moja, njoo ukae. Akakaa siku sita juu ya kigogo mbele ya karakana, mikono magotini. Sesa alimshika kidevu, akamgeuza, akapima kwa vidole kutoka nyusi hadi mdomo, akapunguza nyama ya mashavu na kuongeza taya kwa kukisia. Alimsifu kwamba hajawahi kupata mtu anayejua kutulia namna ile.

Sanamu ilipovishwa shati la Rombe na kusimamishwa uani siku ya mazishi, watu walilia walivyopaswa kulia, kisha wakaanza kumtazama Ludia na kuinamisha macho. Sanamu ilikuwa ni Ludia, mwenye mabega ya kiume.

Yeye alikuwa kazini. Wageni walipanga foleni kupiga picha na sanamu, na safari hii aliiweka kamera kama alivyotakiwa kuiweka siku zote kwa watu wanaopumua: kiu mia nane, tundu wazi, jicho linafumbua na kufumba kabla mtu hajameza mate. Kila uso ulitoka. Ilikuwa rahisi hivyo.

Ilipofika zamu ya baba, mzee hakugeukia kamera. Alisimama uso kwa uso na sanamu, fimbo mkononi, akaanza yale ya kila asubuhi, ila sasa kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima.

"Haya, leo umetulia. Sasa ndiyo umejua kutulia. Ungetulia siku ile usingesimama hapa na uso wa dada yako. Umeniaibisha mbele ya mama yako, umeniaibisha mbele ya watu."

Baadhi walitabasamu katikati ya machozi. Ludia aliteremsha kamera ikaning'inia shingoni.

"Baba, alitulia."

Mzee akageuka.

"Siku ile Rombe alitulia," Ludia akasema. "Alibana pumzi. Nyote mlitulia. Kosa langu. Niliiweka kamera kama ninavyoiweka kwa wagonjwa. Asingetoka mtu yeyote anayepumua."

Nyati mmoja alikuwa akikoroma kwenye kamba. Shangazi Limbu alikaa chini alipokuwa amesimama.

"Miezi minne namgombeza," baba akasema.

"Najua."

"Ulikuwa jikoni. Ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia, baba."

Mzee alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akampa mgongo. Akaushika mkono wa mfenesi kwa mikono yake miwili, akauegemezea paji la uso, na kumwomba mwanawe msamaha, kwa jina lake lote, mara moja baada ya nyingine, mabega yakimtikisika. Hakuinua kichwa alipomwambia Ludia, "Haya piga, watu wanangoja."

Akapiga. Picha ilitoka wazi kabisa, chozi kwa chozi. Baba hakuomba kuiona, na tangu siku ile hajagusa chakula kilichopikwa na Ludia.